Cheti cha Kifo cha Ejore

Lodwar, 19 Agosti 2012

Mwanangu Nakiru,

Amani ya Bwana ikukute mahali ulipo na ikae nawe. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama yako Mkubwa, ambalo limeamua kuzeeka kabla yake. Huenda kanisani kwa mkongojo na hurudi akilalamika kwamba mahubiri siku hizi ni mafupi. Mto Turkwel una maji kidogo yenye rangi ya chai. Mbuzi watatu wamezaa, mmoja amezaa pacha, nasi tunamshukuru Mungu.

Barua yako imeletwa na Bwana Wandera, yule mfanyabiashara apelekaye unga Kakuma kwa lori lake, siku tisa baada ya tarehe uliyoiandika. Simu ninayo, kama ujuavyo, lakini mambo mazito siyasemi katika kitu kinachokatika kabla mtu hajameza mate. Kwa hiyo naandika, nawe niandikie.

Umeniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba chuo kikuu cha Afrika Kusini kimekukubali kwa shahada ya uzamili, nawe utaacha kufundisha fizikia hapo Kakuma ifikapo Julai mwakani ili ujifunze habari za darubini zilizo angani na vyombo vinavyochambua nuru ya nyota zilizo hafifu kupita kiasi. La pili, kwamba ili upate pasipoti, ofisi inataka kitambulisho cha baba yako. Na kwa kuwa ndugu yangu Ejore alifariki kwa homa huko Lokichoggio ukiwa mtoto wa miaka minne, wanataka cheti cha kifo chake, na fomu iwe imefika kabla ya tarehe ishirini na nane Februari.

Nitaanza na la kwanza. Nilikuwa katekista kwa miaka thelathini na minne. Katika miaka hiyo yote nilipigana na jambo moja kuliko mengine yote: watu waliobatizwa kurudi kwa emuron, mpiga ramli wetu, ambaye hurusha makubazi yake ya ngozi chini na kuyatazama yalivyoanguka, kisha akawaambia watu yaliyo mbali ambayo jicho halijayaona. Sasa binti niliyemlea mimi ananiandikia kwamba kiko chombo ambacho mtu hukitazama akasema, nyota ile ina chuma, ile inakimbia, ile ni ya kale, naye hajaifikia wala hataifikia. Nieleze, kwa utulivu na bila maneno ya kuniringishia elimu, tofauti ni nini.

Kuhusu cheti, nitatazama katika sanduku langu.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Yosefu Ekwam

*

Kakuma, 16 Septemba 2012

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama Mkubwa, na goti lake nalipa pole. Mimi ni mzima. Vumbi la mwezi huu limeingia hata ndani ya chaki. Kidato cha tatu kina wanafunzi tisini na wawili kwa madawati thelathini, na kila juma hufika wakimbizi wapya kutoka ng'ambo ya mpaka.

Umeuliza tofauti. Niruhusu nikueleze kama nilivyowaeleza wanafunzi. Nilichukua kasha la viatu, nikalipasua mwanya mwembamba kwa wembe, na ndani nikaegesha kipande cha sidii iliyoharibika. Sidii ina mikwaruzo myembamba isiyoonekana, nayo huutawanya mwanga ukawa rangi, kama upinde wa mvua. Kwanza tuliuelekeza mwanya kwenye anga, tukaona rangi zimeungana. Kisha tukauelekeza kwenye taa ndefu nyeupe ya ofisini, na rangi zikawa mistari iliyoachana.

"Mwalimu, taa hii imekatwakatwa!" akasema Awut, ambaye husema kabla ya kunyoosha mkono.

Nikamwambia kwamba ndani ya taa mna mvuke wa zebaki, na kila gesi ikiwaka hutoa mistari yake yenyewe mahali pake penyewe, wala hakuna gesi nyingine duniani yenye mistari hiyo.

"Kwa hiyo gesi ina kadi yake?" akauliza Adhieu.

"Inayo."

"Na haikupanga foleni!" akadakia Awut. "Basi imetushinda sisi wote."

Darasa likacheka hata mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Baba Mkubwa, spektrografu ni kasha lile lile, ila limetengenezwa kwa ustadi mkubwa na kufungwa nyuma ya darubini. Iko darubini moja iliyopelekwa angani mwaka 1990, nayo huizunguka dunia kila baada ya dakika tisini na saba hivi. Iliwekwa huko juu kwa sababu hewa yetu huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno, nao una habari nyingi. Mwaka 2009 wanaanga waliipanda wakaiwekea spektrografu mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu hafifu, vilivyo mbali mno. Mistari ikionekana pale pale ambapo chuma huacha mistari katika maabara, ni chuma. Ikionekana yote imesogea kuelekea wekundu, kitu kile kinatuacha, na kiasi cha kusogea huonyesha mwendo wake. Hakuna anayebahatisha. Mwaka 1868 waliona katika nuru ya jua mstari wa gesi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuishika. Wakaipa jina la jua kwa Kigiriki, heli, wakasubiri miaka ishirini na saba hadi ilipopatikana hapa duniani. Hiyo ndiyo tofauti: aliyetilia shaka aliweza kwenda maabara kujionea.

Sasa kuhusu cheti. Fomu ina mstari unaouliza mahali pa kifo. Umeniandikia Lokichoggio. Nilipoingia sekondari mwaka 2001, wewe mwenyewe ulijaza fomu ya shule kwamba baba alifariki Kalemng'orok. Ninayo nakala. Moja iko kaskazini karibu na mpaka na nyingine iko kusini kwenye barabara ya Kitale. Nisaidie kujua ni wapi, nikaone kaburi kabla sijasafiri.

Mwanao,
Nakiru

*

Lodwar, 21 Oktoba 2012

Mwanangu Nakiru,

Neema na utulivu viwe nawe. Mvua imetunyeshea mara moja, dakika chache, kisha ikaghairi. Mama yako Mkubwa amepakwa mafuta ya kondoo kwenye goti na anadai amepona, ingawa namwona akishika ukuta.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika vizuri, nami siku zote huwa mwangalifu kwa jambo lililoandikwa vizuri. Huku kwetu, kabla habari za mafuta hazijatangazwa mwezi Machi, walitangulia kupita watu wenye vyombo wakasema wanatazama tu yaliyo chini ya ardhi. Leo kila mzee anauliza malisho yake yatakuwa ya nani. Sisemi kwamba atazamaye ni mwizi. Nasema sijaona bado mtu atazamaye mbali bila kutaka kitu.

Nina maswali mawili. Umesema nuru hiyo ni hafifu mno, kisha mnaitawanya ikawa rangi nyingi. Mwenye uji kidogo akiumimina katika sahani mia moja, atakula nini? Na la pili ni zito zaidi: mtajuaje kwamba mstari mliouona umetoka kwenye nyota, wala haukutoka ndani ya chombo chenyewe? Mpiga ramli naye huapa kwamba makubazi ndiyo yaliyosema.

Hapo nimefika kwenye jambo lililoninyima raha. Bwana Wandera alikuja juzi, akaketi, akakataa chai, nami nikajua ana neno.

"Mzee Ekwam," akasema, "binti yako anasoma sana siku hizi."

"Anasoma nini?"

"Viatu."

Nikamwambia aseme kama mtu mzima. Akasema alikwenda Lopur kununua mbuzi, akakuona umeketi chini, wewe mwalimu, mbele ya mzee mmoja ambaye makubazi yake yalikuwa yamelala mavumbini katikati yenu. Nilimsindikiza hadi kwenye lori, nikarudi, nikashindwa kusali.

Nakuuliza, na nataka jibu la ndiyo au siyo: ulikwenda Lopur? Nani alikupeleka? Ulimwuliza nini?

Mzee huchanganya majina ya miji. Ni Lokichoggio. Kaburi halina alama, hutaliona. Cheti bado natafuta.

Ekwam

*

Kakuma, 18 Novemba 2012

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Hapa tumemaliza mitihani, na Awut ameongoza katika fizikia, jambo ambalo amelitangaza yeye mwenyewe hadi sokoni.

Ulipouliza habari za uji, uliuliza swali ambalo wenye kazi hii hulala nalo. Ni kweli, nuru ikitawanywa hupungua, na kila rangi hupata chembe chache tu. Kwa hiyo darubini hutulia. Hujifunga kwa nyota nyingine inayojulikana mahali pake ili isitikisike, na hukitazama kitu kile kile mzunguko baada ya mzunguko, wakati mwingine kwa saa nyingi za siku kadhaa, ikihesabu chembe za mwanga zinapoingia moja moja. Kiache kitu hafifu kikusanyike. Ukiharakisha, huoni kitu.

Na swali lako la pili, Baba Mkubwa, kama ungelisema mbele ya maprofesa wangu wangekuvutia kiti. Chombo hudanganya, nao wanajua kinavyodanganya. Kwanza, hufunga mlango wa mwanga wakapiga picha ya giza tupu. Hata gizani chombo huandika kitu. Hicho ni chake mwenyewe, nao hukitoa katika hesabu. Pili, kuna chembe zinazopita angani kwa kasi, zikikigonga chombo huacha alama angavu kama ya kweli. Kwa hiyo hawapigi picha moja. Hupiga mbili au zaidi, na alama iliyoonekana mara moja tu hufutwa. Imani yetu nayo haimhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Tatu, ndani ya chombo mna taa yenye platini na neoni, ambazo mistari yake inajulikana tangu zamani. Huiwasha, wakalinganisha. Aliye na taa hiyo anaweza kukosolewa na mtu yeyote. Mpiga ramli hapigi picha ya giza lake.

Umetaka ndiyo au siyo. Ndiyo. Wandera aliniona mara moja. Nilikwenda mara nne. Hakuna aliyenipeleka. Sikumwuliza mzee yule habari za kesho wala sikumpelekea mbuzi. Yeye ndiye aliyeniuliza.

"Wasema wewe husoma nyota?"

"Nasoma mwanga wake."

"Mwanga hudanganya?"

"Hapana. Chombo ndicho kinachodanganya."

Akacheka mpaka akakohoa, akaelekeza makubazi yake kwa fimbo. "Hata haya hayajadanganya siku yoyote. Ni mimi tu."

Hayo ndiyo nitakayoyaandika. Mengine niliyoyaona Lopur nimeyaweka. Nimekwenda pia Lokichoggio, nikaomba daftari la vifo la kigango. Nimewaandikia Kalemng'orok nao wakanijibu. Mwaka 2010 nilipopata kazi hapa, ulinikataza kwa majuma matatu, ukasema Kakuma kuna joto. Baba Mkubwa, Lodwar si baridi.

Andika unachokijua, nami nitaandika nilichokiona.

Nakiru

*

Lodwar, 9 Desemba 2012

Mwanangu mpendwa Nakiru,

Baraka za majilio zikufikie. Sote tu wazima.

Ndani ya bahasha hii utakuta cheti cha kifo cha baba yako. Nimeapa mbele ya chifu, chifu ameandika barua, na ofisi ya usajili imetoa karatasi. Jina, mwaka na mahali vimo. Muhuri umekaa vizuri.

Maelezo yako kuhusu giza na taa nimeyaelewa, na yamenitosha. Nenda ukasome, una baraka zangu zote. Mama yako Mkubwa anakushonea blanketi kwa kuwa amesikia kwamba huko kuna baridi.

Usirudi Lopur. Huna tena haja ya kurudi huko.

Baba yako mkubwa akupendaye,
Ekwam

*

Kakuma, 13 Januari 2013

Shikamoo Baba Mkubwa,

Heri ya mwaka. Mwambie Mama Mkubwa kwamba blanketi limefika na ni zuri, nami nalitumia asubuhi, hata katika joto hili, kwa sababu lina harufu ya nyumbani.

Cheti kimefika. Nimekitazama siku tano. Hakina kasoro. Kingenipa pasipoti bila swali hata moja. Siku kilipoandikwa, tarehe sita Desemba, nilikuwa Lopur, na baba yangu alikuwa akikamua mbuzi.

Nakirudisha.

Sasa nitaandika nilichokiona. Katika daftari la Lokichoggio hakuna Ejore. Mama mmoja mzee anayefagia kigango alinisikia nikiuliza. "Ejore yupi?" akasema. "Wa makubazi? Huyo mbona anakunywa maziwa Lopur!" Nilidhani amechanganyikiwa. Nilikwenda, nikamwona mtu mwenye paji la uso lako na sikio lako la kushoto lililokunjika. Mara ya kwanza sikumwambia mimi ni nani. Shahidi mmoja hakunitosha, nawe ndiwe uliyenifundisha hivyo. Nilirudi ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ya nne, alisema, "Mama yako alitembea hivyo, akitanguliza bega."

Ameishi ng'ambo ya mpaka miaka ishirini, na amerudi mwaka 2009. Nilimwuliza kwa nini hakunitafuta. Akasema aliambiwa kwamba nalelewa vizuri na mtu asiyetaka kumwona. Nikamwuliza kama ana ndugu. "Nilikuwa na kaka," akasema. "Mimi huwaambia watu kwamba alikufa." Baba Mkubwa, nilicheka. Niliona aibu, lakini nilicheka. Mmezikana nyote wawili.

Kisha nikamwuliza habari za siku ile ya mwaka 1989. Mimi nilijua tu kwamba wavamizi walikuja na mama akauawa. Akaniambia kwamba alikuwa ametabiri kwa makubazi yake, nawe ukawakataza watu kuhama. Nikasema, na kwa sauti ya ukali, kwamba mimi ni mwalimu wa sayansi na siamini kwamba makubazi yalimwambia.

"Hayakuniambia," akasema. "Siku tatu kabla nilikuwa natafuta ngamia aliyepotea. Nikakuta nyayo karibu na kisima cha mpakani. Nyayo za wanaume peke yao, wengi. Hakuna nyayo za wanawake, za watoto wala za mbuzi. Watu wanaotembea bila mbuzi hawaendi malishoni."

"Mbona hukuwaambia watu hivyo?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita! Nani angehamisha boma zima kwa sababu ya nyayo alizoziona kijana mmoja? Lakini makubazi, hayo hata wazee huyainukia. Nikayarusha, nikasema yamesema. Nilitaka wanisikie. Na kaka yangu aliposikia makubazi hakusikia kingine chochote."

Tangu siku hiyo, kwa kuwa neno lilitimia, watu hawakumwacha. Wakamfanya emuron. Hajawahi kutaka.

Hana kitambulisho. Ofisi imesema itakubali kiapo cha ndugu wa karibu kwamba yu hai na hajawahi kusajiliwa, lakini cheti hiki kipo sasa katika vitabu vyao. Ni wewe tu unayeweza kukifuta, kwa chifu yule yule. Zimebaki siku arobaini na sita. Sitatumia karatasi ya uongo. Ikiwa haiwezekani, nitabaki hapa nifundishe kwa kasha la viatu.

Mwanao,
Nakiru

*

Lodwar, 10 Februari 2013

Mwanangu Nakiru,

Salamu zangu leo ni fupi, kwa kuwa sijui kama ninayo haki ya kukutakia amani. Mama yako Mkubwa ni mzima. Nimemweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula. Mbuzi wako salama.

Barua yako ilipofika nilikuwa na hasira kwa siku nzima, nikitafuta humo mahali ulipodanganya. Sikupaona. Nilipoisoma habari ya nyayo, nilitoka nje nikasimama uani kwenye jua mpaka Mama yako Mkubwa akaja kunishika mkono.

Nitakuandikia kama nitakavyoulizwa siku ya mwisho. Nilikuwa katekista wa kigango kile kando ya barabara ya Lokichoggio. Ejore alikuwa amebatizwa kwa mikono yangu mimi nikimshikia mshumaa. Siku ya Ijumaa niliambiwa kwamba amerusha makubazi mbele ya wazee na kusema hatari inatoka mpakani. Sikumwuliza amejuaje. Hata mara moja, Nakiru. Nilijua tayari. Jumapili watu walikuwa wamefunga mizigo yao juu ya punda. Nikapiga kengele. Nikasimama mlangoni nikawaambia kwamba aondokaye leo anamwondokea Mungu kwa ajili ya kipande cha ngozi. Wakafungua mizigo. Mama yako alikuwa wa kwanza kufungua, kwa kuwa alikuwa mke wa mdogo wangu na aliniheshimu. Wavamizi walifika alasiri. Tulizika watu kumi na mmoja.

Ejore alinijia pale makaburini. Alitaka kusema kitu. Nami nikamwuliza mbele ya watu wote: "Ulijuaje, kama hukuwa pamoja nao?" Hayo tu. Watu wakamgeukia. Kama asingekimbia wangemwua. Nililisema hilo kwa sababu kama yeye hakuwa na hatia, basi mwenye hatia alikuwa mimi. Na baada ya hapo nilipaswa kukuambia kitu ulipouliza baba yuko wapi. Nilikuambia amekufa. Uongo wa kwanza ulihitaji mahali pa kaburi, nami sikukumbuka kuliweka kaburi hilo mji mmoja.

Umeniandikia kwamba chombo hufungwa kwanza gizani ili kijulikane kinaandika nini chenyewe. Mimi miaka thelathini na minne nimewachungulia watu nikiona ndani yao uchawi, na sikujifunga mlango hata siku moja.

Jumatano nilikwenda kwa chifu. Aliitazama karatasi, akanitazama.

"Mzee, Desemba umemzika. Februari umemfufua. Sasa nikuandike wewe kama nani?"

"Niandike kama mwongo," nikamwambia, "lakini uandike sawasawa."

"Unajua kwamba kuapa uongo ni kesi?"

"Najua."

Akafuta uso kwa leso. Akasema atapeleka barua ya kufuta, na kama wakubwa wake wakiniita, niende. Nikasema nitakwenda. Karani wake, anayenijua tangu komunio yake ya kwanza, hakuniangalia nilipotoka.

Jumapili, baada ya misa, padri aliniruhusu kusimama. Nilisema jambo lile la mwaka 1989 kama nilivyolisema hapa. Wako waliolia na wako waliotoka. Nimeomba niondolewe katika kusoma masomo na katika baraza la wazee, nao wamekubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Ndani ya bahasha utakuta nakala ya barua ya kufuta cheti, na kiapo kipya. Nimekisoma kabla ya kutia sahihi, mara nne. Kinasema: Ejore, mdogo wangu wa tumbo moja, baba mzazi wa Nakiru, anaishi Lopur.

Sina haki ya kukuagiza. Nakuomba tu. Mwulize kama nikienda atanipokea. Akikataa, usilainishe maneno yake kwa ajili ya uzee wangu. Yaandike kama alivyoyasema.

Ekwam

*

Kakuma, 3 Machi 2013

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mimi ni mzima. Kesho ni uchaguzi, shule imefungwa, na barabara ina magari ya masanduku ya kura, kwa hiyo sijui barua hii itafika lini. Fomu ilipokelewa tarehe ishirini na saba, siku moja kabla. Yule afisa alisoma kiapo chako, akasoma barua ya kufuta, akaniuliza, "Huyu mzee ni nani kwako?" Nikamwambia ndiwe uliyenilea. Akagonga muhuri.

Nilikwenda Lopur jana na barua yako. Baba hasomi, kwa hiyo nilimsomea, polepole, yote, hata habari ya makaburini. Alikuwa akishona kamba ya ngozi. Hakuacha kushona. Nilipofika mahali uliposema hukumwuliza amejuaje, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikarudia mara ya tatu.

Kisha akasema maneno haya, nami nimeyaandika hapo hapo kwenye magoti yangu, kama ulivyoomba:

"Mwambie aje. Asiletwe na lori hadi mlangoni. Ashukie barabarani, aje kwa miguu, mchana, peke yake. Mimi nitakaa hapa nje. Nataka kumtazama tangu akiwa mbali, nione anavyoweka miguu, nijue kilichomleta kabla hajafungua kinywa."

Nakiru